Faili la Mabomba Yanayovuja, Sehemu ya Nne

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe u mzima na cherehani nayo ni nzima, maana ikiugua hiyo najua wewe ndiye unayelala kitandani. Huku sote hatujambo. Baba anasema goti lake limepona, ila bado halimruhusu kuosha vyombo. Mama anakusalimu na anauliza lile gauni la kijani limefikia wapi. Mimi bado ni karani wa masjala pale ofisi ya maji. Kazi yangu ni kutunza mafaili, kuyaandika daftarini na kuyapeleka kwa mkuu. Mwisho wa Juni wataamua kama nithibitishwe kazini au nirudi nyumbani kusaidiana na Baba kuliangalia goti. Mwenzangu mmoja hakuthibitishwa mwaka jana na mpaka leo hakuna anayejua kwa nini. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Ndani ya bahasha kuna hadithi fupi niliyoiandika. Ni kurasa sita. Nimezihesabu mara tatu na kuzipa namba, kwa hiyo ikipungua moja ujue imepotelea njiani.

Inamhusu mkuu wa ofisi mmoja mkali sana. Hasomi barua mwenyewe, huamuru karani asimame amsomee kwa sauti. Hawatambui wafanyakazi wake mpaka wafungue midomo. Siku moja analikaripia koti lililotundikwa mlangoni. Siku nyingine anajigonga kwenye kiti kilichosogezwa. Mwishoni karani anagundua kwamba huyu si mkuu halisi, ni pacha wake! Nadhani hakuna msomaji atakayelitarajia hilo. Naomba unieleze ukweli, lakini taratibu.

Mkuu wa kwenye hadithi hana uhusiano wowote na mkuu wangu wa kweli, yule tunayemwita Ngurumo. Naliandika hili wazi endapo barua itafunguliwa na mtu mwingine.

Mtoto wa kaka yako,
Kifaranga

*

20 Februari

Kifaranga wangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, cherehani inakohoa kidogo. Mwambie mama yako gauni limefika mabegani, na anitumie kipimo kipya cha kiuno kwa sababu kile alichonitumia ni cha wakati wa harusi yake. Mwambie baba yako goti halioshi vyombo, mikono ndiyo inayoosha.

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi. Alikuwa ametulia, pini mdomoni, anasikiliza. Nilipofika mwisho pini ikamtoka. "Pacha?" akasema. "Pacha ameingilia mlango gani?"

Mwanangu, nami nauliza hivyo hivyo. Pacha wa nini tena?

Sikiliza. Mfuko wa ndani wa koti hauonekani, lakini fundi huupanga kabla hajaweka bitana. Anayelivaa hajui. Siku akitumbukiza mkono ndipo anasema kumbe! Na akilichunguza koti anaona kila mshono ulikuwa umeshautengenezea mfuko nafasi. Hadithi fupi ni hivyo. Ukweli uliofichwa uwe umeshatengenezewa nafasi tangu mwanzo, kwa madokezo madogo madogo ambayo msomaji anayapita bila kusimama. Wewe koti umeshalimaliza, umelipiga na pasi, ndipo unalichana kifuani ili utie mfuko.

Usinune. Madokezo unayo, tena mazuri. Yananitia hata baridi. Kosa ni kwamba hayaelekei kwa pacha. Pacha angekosa kuwajua wafanyakazi, sawa, hilo nakupa. Lakini pacha ana macho. Kiti angekiona. Na hakuna pacha duniani asiyejua kwamba koti si mtu. Dokezo zuri halikubali robo ya jibu, linataka jibu zima.

Nina langu moyoni ila silisemi bado. Kwanza nijibu: mambo haya umeyatunga au umeyaona? Na huyo mkuu akitia sahihi, anatia vipi?

Shangazi yako

*

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima. Mama ametuma kipimo kipya kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, na ameniapisha nisiifungue. Baba anasema hujabadilika.

Nilinuna siku mbili, kisha nikamfuta pacha kwa penseli, ili nikijuta nimrudishe.

Sasa maswali yako. Nilikuwa sitaki kuyajibu, lakini sijui kukudanganya. Nimeyaona. Yote, Shangazi. Ni Ngurumo. Kila asubuhi nasimama mbele ya meza yake, ananiambia "Soma!", naye anatazama dirishani kama mtu anayenitafutia kosa. Nikikwama anasema "Rudia." Wenzangu wanasema anatupima sauti. Koti lilikuwa la Tarishi, yule mzee anayesambaza barua. Ngurumo aliingia, akaliambia, "Na wewe kila siku umesimama tu mlangoni!" Ofisi nzima ilicheka kwa ndani, tukidhani anamsema Tarishi kwa mafumbo. Tarishi mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Tangu siku hiyo hasimami, anakaa.

Kuhusu sahihi: mimi huweka kidole mahali pa kusaini. Yeye huweka kidole chake kando ya changu, kisha kalamu. Nilidhani ndiyo desturi ya wakubwa.

Kwa nini umeuliza? Usiku huu sitatulia, na kesho pia, mpaka barua yako ifike.

Kifaranga

*

19 Machi

Kifaranga,

Marahaba. Kipimo kimefika. Sitakisema.

Mwanangu, huyo mtu haoni.

Nisomavyo mimi, hayo madokezo yako yote yanaishia hapo, na hakuna hata moja linalobaki nje. Hadithi yako ilijua jambo ambalo wewe mwenyewe ulikuwa hujalijua. Hilo huwapata waandishi wenye macho mazuri. Mkono unaokota, kichwa kinachelewa.

Nitakuambia ninajuaje, na ukimwambia baba yako nitakushonea gauni lenye mikono mitatu. Mwaka juzi niliposema nakwenda kwa rafiki yangu kwa wiki tatu, hakukuwa na rafiki. Nilikwenda hospitali ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kabla ya hapo nilishona karibu mwaka mzima kwa vidole. Mteja akileta kipimo namwambia, "Nisomee mwenyewe, napenda sauti yako." Nilikuwa nawakaripia watu wasinisogezee viti. Wakaniona nimekuwa mkali uzeeni. Sikuwa mkali, nilikuwa naogopa. Nililiogopa giza, nilikiogopa kisu cha daktari, na zaidi ya vyote niliogopa kuonewa huruma.

Kwa hiyo badilisha mwisho wa hadithi. Lakini mdomo ufunge. Ndani ya hadithi dokeza upendavyo, maana ile ni yako. Ofisini, siri ni ya mwenyewe.

Shangazi yako

*

14 Aprili

Kifaranga,

Salamu kwa wote. Wiki nne bila neno. Posta nimekwenda mara tatu, yule wa dirishani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika. Je, nimekutisha? Kama umekasirika andika kwamba umekasirika, nitafurahi kuliona hata hilo.

Shangazi

*

9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Barua zako zote mbili zilifika. Baba mzima, Mama mzima. Mimi nakula, ingawa Mama anasema natafuna kama mtu anayesubiri matokeo.

Hujanitisha wewe. Nimejitisha mwenyewe. Tangu mwisho wa Aprili natembea na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba, na sijamwambia mtu. Nitakueleza kwa mpangilio.

Nilibadilisha mwisho kama ulivyosema. Nilikuwa naandika ofisini saa ya chakula, kwa hiyo nilihitaji maficho. Nikachukua jalada tupu, nikaliandika jina ambalo hakuna binadamu angetamani kulifungua: "Mabomba Yanayovuja, Sehemu ya Nne." Sehemu ya Kwanza hadi ya Tatu zipo kweli, zimelala kwenye vumbi. Mpaka hapo nilikuwa na akili zangu. Kisha, Shangazi, nikalipa namba. Nikaliandika kwenye daftari la mafaili, tarehe na sahihi yangu, nikaliweka kabatini mahali pake. Tulifundishwa kwamba faili lisiloandikwa daftarini ndilo kosa la kwanza la karani, na mkono wangu uliogopa kukosea.

Tarehe 22 Aprili Ngurumo akataka faili jipya kabisa la mabomba yanayovuja. Tarishi akafungua daftari, akaona Sehemu ya Nne, akaipeleka akiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu upesi. Mimi nikaitwa kusoma kama kawaida.

"Soma," akasema, uso dirishani.

Nikafungua, nikayaona maneno yangu. Miguu ikataka kuondoka bila mimi. Halafu nikakumbuka barua yako: haoni. Ningeweza kusoma lolote.

"Bomba la nyuma ya soko la mbao," nikasema, "linavuja tangu Jumatatu."

"Endelea."

"Na lile la karibu na shule limepasuka. Maji yanaingia darasani."

"Darasa la ngapi?"

"La tatu, mkuu."

Sauti yangu ilikuwa imetulia kabisa. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko yeye. Ilikuwa rahisi mno. Nikakuwaza wewe na kitambaa mkononi, mteja anakusomea kipimo, na wewe huna la kufanya ila kumwamini.

"Mkuu," nikasema, "hakuna maji darasani. Hili si faili la mabomba. Ni hadithi niliyoitunga mimi. Na mkuu aliyemo ndani yake amefanana nawe."

Nilisikia Tarishi akigonga mihuri chumba cha pili.

"Ndefu?" akauliza.

"Kurasa saba."

"Soma."

Nikasoma, Shangazi. Nilisoma yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye koti akasema, "Lile koti lilininyamazia kwa dharau, nikazidi kukasirika." Nilipofika kwenye kiti akajishika muundi wa mguu. Kwenye mwisho mpya, karani anagundua ukweli lakini hasemi neno. Kila asubuhi anafika mapema na kukirudisha kiti mahali pake. Siku moja mkuu anapita bila kujigonga, anasimama katikati ya chumba, na anatambua kwamba kuna mtu anajua.

Nilipomaliza akauliza, "Nani kakwambia?"

"Hakuna, mkuu. Niliyaandika kabla sijaelewa. Shangazi yangu ndiye aliyeyasoma akaelewa."

"Shangazi yako ni daktari?"

"Fundi cherehani."

Akageuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Liache faili hapa. Toka."

Tangu siku ile hajaniita. Sasa anasomewa na Tarishi, ambaye husoma kama mtu anayevuka barabara yenye magari: neno moja, anasimama, anatazama huku na huku. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisamehe. Najua nimemvua nguo mtu mzima. Heri niondoke mwenyewe kabla ya Juni kuliko kuambiwa.

Kifaranga

*

20 Mei

Kifaranga,

Marahaba, mwanangu. Huku salama. Cherehani nimeibadilishia mkanda, inakwenda kama ndio kwanza imetoka dukani.

Ile barua ya kuacha kazi itoe mkobani uichane. Hukuambiwa "toka kazini", uliambiwa "toka". Mlango mmoja tu huo. Mtu akisikia siri yake imesomwa kwa sauti anahitaji chumba kitupu, hata mimi nisingekutaka mbele yangu. Na hukumvua nguo. Ungemvua kama ungeendelea na lile bomba lako la shule.

Kicheko nimecheka mpaka mteja akadhani nimejichoma sindano. Umeificha siri halafu ukaiandikisha rasmi! Wewe ni wa masjala hasa, hakuna mahali pengine pa kukuweka.

Humu ndani kuna bahasha nyingine, imebandikwa. Ni ya mkuu wako. Mpelekee. Usiifungue. Atakuambia wewe umsomee, na utamsomea.

Nimemwandikia baba yako pia, nimemweleza kuhusu yule rafiki ambaye hakuwepo. Nisingeweza kumwambia mgeni na kaka yangu nikamficha.

Shangazi yako

*

2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Baba alikasirika siku moja nzima, kisha akasema anakuja huko mwenyewe kukukagua macho. Kaa tayari. Goti limekubali safari bila ubishi. Mama amelivaa gauni. Limemkaa vizuri na haongei jambo jingine.

Bahasha yako nilikaa nayo siku tatu. Ya nne nikagonga mlango.

"Nani?"

"Karani wa masjala, mkuu. Nimeleta barua yako. Imetoka kwa shangazi yangu."

"Yule fundi?" akasema. "Funga mlango. Soma."

Kwa hiyo nilikusoma, Shangazi. Nilisoma kwamba umeshona mwaka mzima bila kuona na kwamba wateja wako watatu bado wanavaa mashati yenye mikono isiyolingana. Nilisoma kwamba ulikiogopa kisu, na kumbe shughuli yenyewe ilikuwa fupi kuliko kushona kola. Kwamba siku ulipofunguliwa bandeji na kurudi nyumbani ulichokiona kwanza ni vumbi, ukalia kwa furaha, kisha ukafagia. Nikafika pale ulipoandika, "Nenda hospitali, Bwana Mkuu. Ukiogopa, mchukue mtu wa kukushika mkono. Ila usimchukue mtoto wetu, yeye naye anaogopa."

Hapo akacheka. Mimi sikuwahi kumsikia akicheka. Ofisi nzima haikuwahi. Tarishi alifungua mlango akadhani mtu anakabwa.

Wiki iliyofuata hakuja kazini, wala ile nyingine. Tukaambiwa yuko likizo. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikusema kitu. Juni ikawa inaisha, na fomu zetu za kuthibitishwa zilikuwa mezani kwake bila kusainiwa. Kila siku nilipita kuziangalia kwa mbali, kama mtu anayechungulia sufuria.

Jana asubuhi akaingia, jicho moja limefunikwa, jingine liko wazi. Akasimama katikati ya ukumbi na kusema, "Mlidhani nawapima sauti. Nilikuwa sioni. Sasa naona nusu, na bado mwezi mmoja nione yote. Aliyekaa kwenye kiti changu cha wageni ainuke." Tarishi akainuka.

Kisha akaniita. Niliingia, nikasimama mahali pangu pa siku zote. Akanitazama muda mrefu, usoni kabisa, mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati lake.

"Wewe ndiye Sauti?" akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Mbona mfupi? Mimi sauti ile niliijengea mtu mrefu."

"Samahani, mkuu."

"Urefu hauombewi msamaha. Kaa." Sikuwahi kukaa mle ndani. Nikakaa kwenye ukingo. "Nyuma ya soko la mbao," akasema, "hatujapeleka bomba hata moja. Miaka kumi na tisa niko hapa, mitaa yote naijua kichwani. Neno la kwanza tu nilijua unatunga. Nikasema ngoja nione atafika wapi."

Sikuweza kumtazama. "Nilifika darasa la tatu, mkuu."

"Ukarudi mwenyewe. Sikukurudisha mimi." Akafungua droo. "Kwa miaka miwili nilikuwa namuuliza kila anayenisomea maswali kama lile la darasa la ngapi. Waliotunga, ni wangapi walirudi wenyewe, unadhani?"

Nikamkumbuka yule mwenzangu wa mwaka jana, na nikaelewa kwa nini hakuthibitishwa. Akanisukumia fomu yangu mezani. Kwenye nafasi ya sababu wakuu wote huandika maneno yale yale matatu kuhusu utendaji mzuri. Yeye alikuwa ameandika mwenyewe, bila kidole cha mtu, herufi kubwa zilizopanda mlima kidogo:

"Athibitishwe. Anasoma kilichoandikwa, hata kama amekiandika mwenyewe."

Mtoto wa kaka yako,
karani wa masjala